Mots croisés za gazetini: dhana potofu na ukweli wake

Huku Lubumbashi, mtu akionekana barazani ameinamia mots croisés, yaani mafumbo ya maneno yanayopandana, katika ukurasa wa mwisho wa gazeti, kalamu mkononi na paji la uso limekunjamana, wapitao humhukumu kwa mojawapo ya njia mbili: ama ni msomi aliyemeza kamusi nzima ya Kifaransa, ama ni mtu asiye na kazi. Hukumu zote mbili zina kasoro, na ubaya wake ni kwamba zimewafanya watu wengi wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kamalondo, watu wepesi wa akili na wapenda maneno, waliache jedwali lile la visanduku vyeupe na vyeusi bila hata kulijaribu. Mimi naupenda mchezo huu kwa dhati, na naona inafaa dhana zinazouzunguka zichambuliwe, ingawa hazina uzito sawa.

Dhana inayofukuza watu wengi kuliko zote ni ile ya usomi, yaani kwamba anayefumbua mafumbo haya ni lazima awe anayajua majibu yote kabla ya kuanza. Ukweli ni kwamba jedwali limeundwa ili herufi nyingi zihesabiwe mara mbili, mara moja katika neno la mlalo na mara ya pili katika neno la wima, na kwa sababu hiyo neno usilolijua hujengeka kidogo kidogo kutokana na majirani zake unaowajua. Mtu anayejua nusu tu ya majibu anaweza kulimaliza jedwali zima, na raha kubwa ya mchezo iko hapo hapo: kuona neno ambalo hukuwa nalo kichwani likijitokeza herufi baada ya herufi, hadi ghafla unalitambua. Isitoshe, maneno magumu ya majedwali ya Kifaransa ni machache na hurudi kila mara, kwa kuwa mtungaji aliyebanwa kwenye kona hutafuta maneno mafupi yenye vokali nyingi. Atakuletea Ur, mji wa Ibrahimu. Ra, mungu jua wa Misri ya kale. Io, aliyependwa na Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale. Aa, mto mdogo wa kaskazini mwa Ufaransa. Eu, mji mdogo wa Normandie. Na ut, jina la zamani la noti ya muziki ya do. Hata Uele, mto wetu wa kaskazini unaoungana na Mbomu kuunda Ubangi, una vokali tatu katika herufi nne, na kwa mtungaji hiyo ni mali. Anayecheza kwa muda fulani huzoeana na majina haya, na mazoea hayo hayahitaji diploma.

Dhana nyingine, inayowasumbua hasa wanaoanza, ni kwamba kidokezo ni maana ya neno kama ilivyo katika kamusi. Katika majedwali mepesi ni kweli, lakini katika desturi ya Kifaransa mtungaji bora ni yule anayekupoteza njia bila kusema uongo. Kuna kidokezo mashuhuri kinachotaja kitu ambacho humwaga vilivyomo katika mabafu na kujaza mabeseni ya kunawia. Msomaji huanza kufikiria bomba, fundi, mafuriko. Jibu lina herufi nane, nalo ni entracte, mapumziko katikati ya tamthilia: jina la bafu kwa Kifaransa ndilo pia jina la vyumba fulani vya watazamaji katika ukumbi wa maonyesho, na jina la beseni la kunawia hutumika pia kwa vyoo, hivyo wakati wa mapumziko watu hutoka kule na kujaa huku. Kila neno la kidokezo ni la kweli. Kilichokosewa ni mahali pa kusimama unapolisoma. Sasa, mtoto wa Kiswahili aliyelelewa na vitendawili hapaswi kuogopa jambo hili. Aliyeambiwa kwamba kuna nyumba isiyo na mlango, akatafuta miongoni mwa nyumba hadi akagundua kwamba ni yai, amekwisha kufanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba jedwali halimdai mtu mji anaposhindwa. Humwachia visanduku vitupu na kumsubirisha hadi toleo lijalo.

Na toleo lijalo ndilo chanzo cha machungu yetu mengi. Wanaosema kwamba visanduku vitupu ni ushahidi wa udhaifu wa mchezaji hawajawahi kulipata gazeti kama sisi tunavyolipata. Majarida mengi yenye majedwali mazuri hutufikia yakiwa yamechelewa, au huuzwa mitumba kando ya barabara katikati ya mji, na mara nyingi mmiliki wa kwanza amejaza robo ya jedwali kwa wino, tena kwa makosa, hivyo mchezaji wa pili analazimika kufumbua fumbo na wakati huo huo kumsahihisha mtu asiyemjua. Majibu yamo katika toleo linalofuata, ambalo halikufika. Zaidi ya hayo, magazeti hukosea: nambari ya kidokezo huruka, kisanduku cheusi huchapwa cheupe, kidokezo cha wiki iliyopita huachwa chini ya jedwali la wiki hii. Nimemwona mzee mmoja mstaafu akipambana kwa subira na mstari mmoja ambao ulikuwa na visanduku saba huku jibu lake la wazi likiwa na herufi sita. Hakuna ujuzi ungeweza kumwokoa.

Hata pasipo kosa la uchapaji, lawama mara nyingine ni ya mtungaji. Majina mawili ya watu yanapopandana, na kisanduku yanapokutana hakina msaada mwingine, mchezaji asiyeyajua majina hayo hana njia ya kufikiri, bali anabaki kubahatisha. Watungaji makini hulikwepa jambo hilo. Lakini jedwali lililotungwa kwa ajili ya watazamaji wa televisheni ya Ufaransa likija kuchezwa huku kwetu, katika mtaa wa Ruashi, kona ya namna hiyo hujitokeza mahali ambapo mtungaji hakuikusudia, kwa sababu jina analolidhani la kawaida huku halijulikani. Mchezaji wa Ruashi hapo hajashindwa. Ameulizwa swali lisilomhusu.

Kuhusu kutazama kamusi, ambako wengine hukuita wizi, jibu ni fupi. Katika mashindano hairuhusiwi. Barazani, jedwali ni lako na saa ni zako, na neno ulilolitafuta leo katika Larousse hutalitafuta mwezi ujao.

Wapo wanaoamini kwamba mchezo huu ni wa kale sana, au kwamba Wafaransa ndio waliouvumbua kwa kuwa kwetu umekuja kwa lugha yao. Jedwali linalotambuliwa kuwa la kwanza lilichapwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, nalo lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Lilikuwa na umbo la almasi. Kitabu cha kwanza cha mafumbo haya kilitolewa Marekani mwaka 1924, kikiwa pia kitabu cha kwanza cha shirika la Simon & Schuster, na mwaka huo huo mchezo ukaingia katika magazeti ya Paris. Historia hiyo ina funzo kwa wale wanaosema kwamba huu ni mchezo wa wasio na kazi, kwa maana New York Times lilisema hivyo hivyo: mwaka 1924 liliyashutumu mafumbo haya kuwa ni kupoteza muda kwa namna ya dhambi. Miaka ikapita, likaja shambulio la Pearl Harbor lililoiingiza Marekani katika Vita Vikuu vya Pili, na wahariri wake wakatambua kwamba wasomaji watahitaji kitu cha kushughulisha akili katika saa ndefu za giza la vita. Tarehe 15 Februari 1942 gazeti hilo likachapa jedwali lake la kwanza la Jumapili, na tangu Septemba 1950 likawa na jedwali la kila siku. Sisi ambao umeme hukatika jioni na redio hunyamaza tunaelewa hoja ya wahariri wale.

Inabaki dhana moja yenye nia njema, ambayo kwa sababu hiyo ni ngumu kuikosoa: kwamba anayecheza kila siku hatapatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Watoto huwanunulia wazazi wao vijitabu vya mots fléchés, jamaa wa mots croisés ambao vidokezo vyake huandikwa ndani ya visanduku, kama dawa. Utafiti haujaruhusu ahadi kubwa kiasi hicho. Katika mtaa wa Bronx, New York, wazee 488 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na miongoni mwa 101 waliopatwa na ugonjwa huo, waliokuwa wakicheza mafumbo ya maneno walianza kupoteza kumbukumbu kwa kasi takriban miaka miwili na nusu baada ya wenzao. Matokeo hayo yalichapwa mwaka 2011. Mwaka 2022, watafiti wa vyuo vikuu vya Columbia na Duke waliripoti kuhusu watu 107 wenye udhaifu mdogo wa kumbukumbu, waliofuatiliwa kwa wiki 78, na waliopewa mafumbo ya maneno walifanya vizuri kidogo kuliko waliopewa michezo ya kompyuta. Habari hizo ni za kutia moyo. Lakini katika utafiti wa pili hapakuwa na kundi lililoachwa bila mchezo wowote, na katika ule wa kwanza huenda wachezaji walikuwa na mambo mengine yaliyowasaidia. Watafiti wengine, akiwemo Timothy Salthouse, walichunguza mwaka 1999 wachezaji wa umri mbalimbali na hawakupata ushahidi kwamba kucheza kunapunguza kasi ya kudhoofika kwa akili. Walichokiona ni kwamba umahiri katika mchezo hutegemea hasa hazina ya maneno na maarifa ambayo mtu amejikusanyia. Kwa hiyo tuwape wazazi vijitabu hivyo kwa sababu vinawafurahisha, na sababu hiyo inatosha. Mzee anayeanza kusahau njia ya nyumbani apelekwe kwa daktari.

Dhana ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu naisikia kutoka kwa Waswahili wenyewe: kwamba lugha yetu haifai kwa mchezo huu. Ina chembe ya ukweli. Karibu kila neno letu la asili huishia kwa vokali, na konsonanti na vokali hupokezana kwa utaratibu. Ukijaribu kulijaza jedwali lililoshona, ambamo kila mstari na kila safu ni neno, mstari wa pili utakudai maneno yanayoishia kwa konsonanti, nayo hatuna. Lakini si lazima jedwali liwe hivyo. Waingereza hupenda jedwali la kimia, lenye neno mstari mmoja na kuacha mmoja, na kimia hicho kinaikaa lugha yetu vizuri:

U G A L I
K ■ K ■ M
U J I R A
T ■ L ■ N
A S I L I

Maneno sita, hakuna hata moja la kulazimishwa. Ukuta unaweza kupewa kidokezo kama "Hujengwa na asiyeziba ufa", na kila aliyekaa na bibi yake atalipata. Hata hivyo mchezaji makini ataona kasoro: visanduku vyote tisa vya makutano vina vokali. Kwa kuwa vokali zetu ni tano tu, kujua kwamba neno lina A na I hakumsaidii sana mtu. Mzigo wa neno umebebwa na konsonanti. Dawa yake ni kuchagua maneno ya herufi sita yanayoanza kwa konsonanti, na hapo Kiswahili cha Lubumbashi kinatoa msaada, kwani ugali ule ule sisi tunauita bukari:

B U K A R I
A ■ I ■ A ■
H E K I M A
A ■ O ■ A ■
T I S I N I
I ■ I ■ I ■

Sasa makutano yote tisa ni konsonanti. Aliyepata bahati, kikosi na ramani katika wima ana H, K na M za mstari wa tatu, na anabaki kuchagua kati ya hekima, hakimu na hukumu. Kidokezo kizuri ndicho kitakachokata shauri.

Yapo maamuzi ambayo mtungaji wa Kiswahili lazima ayafanye mwenyewe na kuyatangaza juu ya jedwali. CH na SH zikae katika kisanduku kimoja au viwili? Mimi ningeviacha viwe viwili, kwa kuwa hivyo ndivyo mkono unavyoandika. Ritifaa ya NG' iachwe, kama Wafaransa wanavyoacha alama juu ya E. Na neno la huku, kama bukari, likubaliwe bila kuomba radhi, ila kidokezo kimwambie msomaji wa Mombasa au wa Dodoma kwamba anapaswa kulitafuta huku kwetu Katanga.