Kiloomu si nguvu: dhana potofu za kuchagua pikapu za gitaa la umeme

"Kiloomu zikiwa nyingi, pikapu ina nguvu zaidi."

Pikapu ni kifaa chenye sumaku na koili (waya uliozungushwa) kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, na kiloomu ni kipimo cha ukinzani wa waya huo kwa umeme. Dhana hii inapotosha wengi kwa sababu namba huandikwa kwenye boksi na mita ya kuipimia kila fundi anayo. Ila mita inapima ukinzani wa waya tu. Nguvu ya pikapu inatokana na idadi ya mizunguko ya waya kwenye koili, ukali wa sumaku na umbali wa nyuzi. Waya ukikonda, ukinzani hupanda hata kama mizunguko haijaongezeka: urefu uleule wa waya namba 43 husoma karibu robo zaidi ya namba 42, ambayo ni nene kidogo. Ushahidi umo ndani ya gitaa moja, Telecaster ya Fender. Kwa mtindo wake wa zamani, pikapu ya shingoni ina waya namba 43 na husoma kiloomu 7 hadi 8. Ya kwenye briji (pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gitaa) ina waya namba 42 na husoma 6 hadi 7, na ndiyo yenye mizunguko mingi zaidi. Anayechagua kwa kiloomu angeona ya shingoni ndiyo kali.

Joto nalo linachangia. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 4 kwa kila sentigredi 10, hivyo pikapu iliyosoma kiloomu 8.0 kwenye sentigredi 20 itasoma karibu 8.4 mchana wa Dar es Salaam wenye sentigredi 32, na hakuna aliyeiongezea kitu.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, tafuta indaktansi, yaani kiasi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo wa umeme, inayopimwa kwa henri. Pikapu za kawaida za Stratocaster, gitaa jingine la Fender, huwa karibu henri 2 hadi 3, hambaka (pikapu za koili mbili) za mtindo wa Gibson wa 1957 karibu 4 hadi 5, na zile kali hufika 7 au 8. Henri zikipanda, sauti ya kati hujaa na ung'avu hupungua. Kiloomu zibakie kwa kazi yake halisi, yaani kujua kama koili ni nzima. Mita isiposoma kitu, waya umekatika.

"Gitaa linasikika vibaya, basi pikapu imekwisha."

Mara nyingi pikapu ni nzima, imekaa vibaya tu. Kabla ya kutoa hela funga nyuzi mpya, kisha bonyeza uzi wa 6, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya mwisho na upime kutoka chini ya uzi hadi juu ya pikapu, pale kwenye kijiti cha chuma. Rudia kwa uzi wa 1, ule mwembamba kuliko wote. Kwa pikapu za koili moja anzia milimita 2.4 upande wa uzi wa 6 na 2.0 upande wa uzi wa 1. Hambaka huvumilia kusogea hadi 1.6, maana sumaku yake imelala chini ya koili na mvuto wake kwa nyuzi ni mdogo.

Pikapu ya koili moja aina ya Stratocaster ni tofauti: vile vijiti ndivyo sumaku zenyewe. Ukiipandisha mno inauvuta uzi. Noti za uzi wa 6 kuanzia freti ya 12 huyumba kama zimepigwa mbili kwa pamoja, na tyuni haikubali hata urekebishe briji kutwa nzima. Anza kuishusha ya shingoni, kwani hapo uzi hucheza kwa upana zaidi. Zungusha skrubu nusu mzunguko, piga, sikiliza, rudia. Hili linagharimu bisibisi tu, na bado watu hukimbilia kununua seti nzima.

"Seramiki ni kavu, Alnico ndiyo tamu."

Hizo ni aina mbili za sumaku za pikapu, ila sumaku haisikiki peke yake. Seramiki ni kali na ni rahisi, kwa hiyo imejaa kwenye magitaa ya bei ya chini na kwenye hambaka zilizojazwa waya. Sauti ya muundo mzima inakuja kulaumiwa kwa sumaku.

"Hambaka ni za roki, koili moja ni za nyimbo laini."

Angalia kazi ya gitaa badala ya jina la muziki. Solo ya sebene au ya benga inataka amplifaya safi na noti zinazotengana kwa kasi. Hambaka ya henri 8 itazibana noti hizo, lakini hambaka ya henri 4 inaziachia vizuri tu. Pima pia kebo yako: kila mita ya urefu hubeba takriban pikofaradi 100 (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme), na kebo ndefu hula ung'avu ambao umeulipia kwenye pikapu.

"Hambaka yoyote inaingia na kufanya kazi."

Pima umbali kati ya kijiti cha uzi wa 1 na cha uzi wa 6. Vipimo viwili vimezoeleka: karibu milimita 49 kwa mtindo wa Gibson, na karibu 52 hadi 53 kwa briji pana za mtindo wa Fender. Kisha geuza poti (kikinzani kilicho chini ya kitufe cha sauti) usome namba iliyopigwa mgongoni. Hambaka kwa kawaida hutaka kiloomu 500, koili moja 250. Hambaka kwenye poti ya 250 hufifia, na koili moja kwenye 500 huweza kuchoma masikio.

"Rangi za waya ni zilezile kwa kila kampuni."

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Hambaka ya waya nne ya Seymour Duncan hutoa sauti kwa mweusi, mweupe na mwekundu huunganishwa pamoja, na kijani huenda ethi (upande wa ardhi wa saketi) pamoja na ule usio na gamba. Kwa DiMarzio sauti hutoka kwa mwekundu, mweusi na mweupe huunganishwa, na kijani na ule usio na gamba huenda ethi. Ukiilehemu DiMarzio kwa mchoro wa Duncan, koili moja itapingana na mwenzake: sauti nyembamba, besi hakuna, mvumo juu. Mita haitakuonya, kwa sababu kiloomu zitasoma vilevile.

Ukichanganya pikapu za kampuni mbili, hakikisha hazipingani: weka mita kwenye kiloomu 20, iunganishe na waya za pikapu, gusisha bisibisi ya chuma kwenye vijiti vya kila moja na uangalie namba inaruka juu au inashuka. Zote zielekee upande mmoja. Iliyo kinyume geuzia waya zake mbili, isipokuwa hambaka yenye kifuniko cha chuma kilichoungwa na waya wa ethi. Hiyo ukiigeuza, kifuniko chote kinageuka kuwa cha sauti na kitavuma kila ukikigusa. Tenganisha kwanza kifuniko na koili, ukipe waya wake wa ethi.

"Pikapu za betri hazina usumbufu."

Zinatulia kwa mvumo, kweli. Ila pikapu za kampuni ya EMG kama 81 hutaka poti za kiloomu 25, nafasi ya betri ya volti 9 ndani ya gitaa, na jeki ya stereo. Jeki hiyo ndiyo swichi: kebo ikiachwa imechomekwa usiku kucha, betri inaliwa usiku kucha.