Chunusi na homoni: mawese yanasingiziwa

Binti wa Kigoma akiota chunusi, wa kwanza kushtakiwa ni mawese. "Punguza mawese, mwanangu, uso utakuchakaa." Lakini mafuta yanayojaa usoni hayatoki kwenye sahani. Yanatengenezwa na tezi za ngozi yenyewe, zikihimizwa na homoni za kundi la androjeni, testosteroni ikiwemo. Wanawake nao wanazo, kwa kiasi kidogo. Mafuta yakizidi na kuchanganyika na seli zilizokufa, kinyweleo huziba, bakteria wa humo huzaana, panavimba. Ukitaka kupunguza kitu mezani, anza na soda na ile chai ya vijiko vinne: sukari nyingi hupandisha homoni ya insulini, nayo huzichochea androjeni. Ila soda ni ya kukaribishia wageni, nani ataisema vibaya?

Linaloudhi zaidi ni lile la "huyo ameshakua, akianza mapenzi zitaisha." Husemwa kwa kicheko, tena mbele ya mwanafunzi. Ni uongo mtupu. Androjeni za tezi zilizo juu ya figo huanza kupanda hata kabla ya dalili za balehe, mtoto akiwa na miaka 7 au 8 hivi, ndiyo maana wapo wanaoota vipele vya paji la uso wakiwa bado shule ya msingi. Nao tuwaambie nini? Tendo la ndoa halizibui kinyweleo. Mwanamume anayemhakikishia binti kwamba linazibua ana lake jambo.

Siku hizi kuna na "homoni zako zimevurugika", kauli tamu ya wauza dawa za kusafisha homoni. Wengi wenye chunusi wakipimwa, homoni zao ziko sawa. Tezi zao ndizo nyepesi kuchokozeka, na hilo hurithiwa. Zinazotokea kidevuni siku chache kabla ya hedhi hazina ajabu. Hedhi ikiruka miezi, au ndevu zikianza kuota kwa mwanamke, hapo aende hospitali ya Maweni au kituo cha karibu, ovari ziangaliwe.

Kwenye uzazi wa mpango, wanaosifu na wanaolalamika wote wana lao: vidonge vyenye homoni mbili huwapunguzia wengi chunusi, sindano na kijiti huweza kuwazidishia baadhi.

Halafu mkorogo. Kikopo hakina lebo, krimu imechotwa kwa kijiko kutoka ndooni, na muuzaji anakuapia wiki moja tu. Mara nyingi humo mna steroidi kali kama klobetasoli. Mwanzoni uso hutulia kweli, kwa kuwa steroidi huzima uvimbe. Baadaye ngozi hukonda, vipele vidogo vinavyofanana hutapakaa, na ukiacha ghafla vinalipuka. Dawa halali ya kupaka, kama benzoili peroksaidi, haina haraka hiyo: ipe wiki 8 hivi ndipo uihukumu. Na mwenye mimba, au anayetarajia kushika, amwambie daktari kabla ya kuandikiwa chochote, maana isotretinoini, dawa ya chunusi kali, humdhuru vibaya mtoto tumboni.