Je, wajua kwa nini picha safi kwenye kioo cha kamera huwa na ukungu ukiifungua kwenye kompyuta?

Mchongaji wa Tabaka, kule Kisii, anapomaliza sanamu ya kiboko huipaka rangi, kisha huikwaruza mistari myembamba inayofichua weupe wa jiwe. Mnunuzi aliye mbali hawezi kulishika jiwe hilo. Mistari ile ndiyo inayomshawishi. Basi sanamu inapigwa picha, picha inatazamwa nyuma ya kamera na kuonekana safi kabisa. Jioni inafunguliwa kwenye kompyuta mjini Kisumu, na mistari imefifia. Lawama zote huiendea lenzi, na mara nyingi lenzi haina hatia.

Tuanze na hesabu. Kamera ya megapikseli 24 hurekodi pikseli, yaani nukta za picha, 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo. Kioo cha inchi 3 kilicho nyuma ya kamera nyingi za DSLR (kamera za kidijitali zenye kioo kingine cha kuakisi mwanga ndani) kina pikseli kama 720 kwa 480, ambazo hazifiki hata 350,000. Kwa hivyo kila pikseli ya kioo imebeba takriban pikseli 70 za picha zilizochanganywa pamoja. Ukungu wenye upana wa pikseli tano au sita humezwa wote ndani ya nukta moja, na wewe huoni chochote.

Pili, sehemu inayokaa kwenye fokasi, yaani inayotoka kali bila ukungu, ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Chukua kamera yenye kihisi (kibao kinachopokea mwanga na kurekodi picha) cha milimita 36 kwa 24 na lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), sanamu ikiwa umbali wa nusu mita. Kwa kipimo cha zamani kinachoruhusu ukungu wa milimita 0.03 kwenye kihisi, unene wa sehemu hiyo ni kama sentimita 1.5. Lakini kipimo hicho kilikusudiwa picha ndogo za kuchapishwa. Kwenye kihisi cha pikseli 6,000, pikseli moja ina upana wa milimita 0.006, mara tano chini ya kipimo hicho. Ukitaka ukali wa kiwango cha pikseli, umebakiwa na milimita 3 tu. Pua ya kiboko inaweza kuwa kali na macho yake yasiwe.

Tatu, kuna suala la kioo cha ndani cha DSLR. Unapochungulia kwenye kitundu cha juu, hutazami kile kinachoonwa na kihisi. Mwanga umegeuzwa na kioo: mwingine unakuja kwenye jicho lako, mwingine unateremka kwenye kifaa cha fokasi ya otomatiki. Njia hizo zinapaswa kuwa na urefu sawa na ile inayofika kwenye kihisi. Kamera ya mitumba iliyowahi kuanguka au kufunguliwa na fundi inaweza kupotoka kwa sehemu ndogo ya milimita, na hapo jicho linasema sawa ilhali kihisi kinapokea ukungu. Isitoshe, kioo cha kuchungulia cha kamera za siku hizi hakionyeshi barabara ukungu wa lenzi iliyofunguliwa hadi f/1.4.

Dawa iliwafikia mapema watazamaji wa nyota. Mwaka 2005 Canon ilitoa EOS 20Da, kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga picha za nyota, ambayo iliweza kuonyesha picha hai kutoka kwenye kihisi chenyewe ili mtu aweze kufokasi. Mwaka 2006 Olympus E-330 ikaleta picha hai kwa matumizi ya kawaida. Picha hiyo inapopitishwa kwenye waya wa USB hadi kwenye kipakatalishi, matatizo yote matatu yanapata jawabu kwa pamoja: unatazama kile kile kinachoonwa na kihisi, kwa ukubwa, na unaweza kuivuta sehemu moja mara 5 au mara 10 mpaka mstari mmoja wa jiwe ujaze dirisha.

Programu za kuiendesha kamera kutoka kwenye kompyuta si ghali. Canon hutoa EOS Utility, ya kamera zake, bila malipo. Kwenye Windows ipo digiCamControl, nayo ya bure, inayofanya kazi na kamera nyingi za Nikon na Canon. Mwenye Linux anaweza kutumia Entangle. Kamera ikae kwenye tripodi imara, uvute picha hai, kisha uzungushe pete ya lenzi polepole: pita kidogo mahali pa ukali, rudi, pita tena upande wa pili, halafu tulia katikati. Hakuna anayeupata ukali kwa kuukaribia upande mmoja tu, kwa sababu huwezi kuujua upeo mpaka umeuvuka.

Unaweza pia kuiachia kompyuta isogeze lenzi. Kwenye EOS Utility kuna vitufe vya mishale vya hatua kubwa, za wastani na ndogo. Hapa wengi hukwama: ili vitufe hivyo vifanye kazi, swichi ya lenzi inabaki kwenye AF (fokasi ya otomatiki), kwani mota ndiyo inayosukuma, ingawa mwamuzi ni wewe. Mimi napendelea njia hii kwa sababu mkono hauigusi kamera wala kuitikisa. Na tumia waya badala ya Wi-Fi. Picha ya Wi-Fi ikichelewa hata kidogo, unakuwa umeshapita mahali penyewe kabla hujapaona.

Na kompyuta yenyewe, bila jicho la mtu, inajuaje kwamba picha ni kali? Kila pikseli ni namba ya mwangaza, tuseme kuanzia 0 hadi 255. Penye mstari mkali, namba huruka ghafla, kwa mfano kutoka 40 hadi 200 ndani ya pikseli moja au mbili. Penye ukungu, hupanda taratibu kwa pikseli kumi au zaidi. Programu huchukua tofauti kati ya kila pikseli na jirani yake, huzidisha kila tofauti kwa yenyewe ili miruko mikubwa ihesabike zaidi, kisha hujumlisha. Lenzi inaposogea, jumla hupanda, hufika kileleni na kuanza kushuka. Kileleni ndipo penye fokasi.

Hesabu hii ina masharti. Mwanga usibadilike katikati ya kazi. Gizani, chembechembe za kelele za kihisi nazo huhesabiwa kama ukali. Na jiwe la Kisii lililosuguliwa likang'aa halina mruko wowote wa namba, kwa hivyo lenga penye mikwaruzo, au pale rangi inapokutana na weupe.

Usiku ukiwa kwenye ukingo wa Menengai, juu ya Nakuru, fokasi ya otomatiki haikusaidii sana kwa nyota, na alama ya umbali usio na mwisho kwenye lenzi haiaminiki. Hata baridi ya huko husogeza fokasi. Mwaka 2005 Mrusi Pavel Bahtinov alibuni kifuniko chenye makundi matatu ya mianya, ambacho unaweza kukikata kwa kadibodi ngumu. Ukikiweka mbele ya lenzi, nyota angavu hutoa miali mitatu, na ule wa kati ukikaa katikati kabisa ya miwili inayokingamana, umefika. Kwenye skrini kubwa, mpotoko mdogo wa mwali huo huonekana waziwazi. Kitoe kabla ya kupiga.

Mambo huwa magumu zaidi kwa vitu vidogo. Kipepeo wa msitu wa Kakamega aliyekaushwa, ukimpiga picha inayoangukia kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi kwa f/8, sehemu iliyo kwenye fokasi haizidi milimita 1 hata kwa kipimo kile cha zamani. Hapo kompyuta husogeza lenzi hatua kwa hatua na kupiga picha kila hatua, kisha programu kama Helicon Focus, au Enfuse ya bure, huchukua sehemu kali ya kila picha na kuziunganisha. Hatua ziwe fupi kuliko unene wa sehemu iliyo kwenye fokasi, ili kila picha iingiliane na inayofuata. Vinginevyo mistari ya ukungu itabaki ikikatiza mabawa.