Moshi wa Pongwe si mizani: dhana potofu kuhusu gesijoto za viwanda vya Tanga

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Segera, Pongwe hujitangaza kabla hujafika: foleni ya malori, maghala, na bomba refu la kiwanda cha saruji. Hapo ndipo abiria wa kosta huanza siasa za hewa. Mmoja atasema moshi umepungua, kwa hiyo kiwanda kimekuwa safi. Mwingine atajibu kwamba viwanda vyetu ni vichache mno kuisumbua dunia. Wa tatu, mara nyingi mzee, atakumbusha kwamba zamani viwanda vya Tanga vilikuwa vingi na hali ya hewa haikuwa hivi. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini wote wanapima kwa jicho kitu kisichoonekana: gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani.

"Moshi ukipungua, gesijoto zimepungua."

Kinachoonekana juu ya bomba ni vumbi, masizi na mvuke. Vichujio vya kisasa hunasa vumbi vizuri, na anayeishi jirani na kiwanda ana haki ya kuvidai, maana vumbi ndilo linaloingia kifuani na kutanda kwenye nguo zilizoanikwa. Hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, hupita kwenye kichujio kana kwamba hakipo. Kiwanda kinaweza kufunga vichujio vipya, anga la juu yake likawa jeupe pee, na mwaka uleule kikatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwaka uliopita kwa sababu tu kimechoma mawe mengi zaidi.

Nasema mawe, si mkaa unaopasha tanuri pekee. Jiwe la chokaa limefungia hewa ukaa ndani yake tangu enzi lilipokuwa magamba na matumbawe. Ukichoma tani 1 ya jiwe safi, unabaki na kilo 560 za chokaa. Kilo 440 zilizobaki zimeruka hewani. Hata tanuri lingepashwa moto kwa umeme wa maporomoko ya Pangani, kilo hizo 440 zingetoka vilevile. Klinka, yale madonge ya kijivu yanayotoka kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi ndipo yasagwe kuwa saruji, huachia takriban kilo 520 za hewa ukaa kwa kila tani, kutokana na mawe tu. Mfuko wa kilo 50 wenye klinka asilimia 70 una kilo 35 za klinka. Maana yake mawe yake peke yake yalishatoa kama kilo 18 za hewa ukaa kabla hujagusa hesabu ya nishati.

Ndiyo maana hoja ya kwamba gesi asilia itamaliza tatizo ni nusu ya hoja. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilipounganishwa na gesi ya Songo Songo kilipata nishati inayotoa hewa ukaa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko mkaa wa mawe kwa joto lilelile. Ni faida kubwa, ila haigusi ile sehemu ya mawe. Kinachoigusa ni kupunguza klinka ndani ya mfuko na kuweka pozolana, yaani majivu ya volkano, au jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. (Waliojenga msikiti na makaburi ya Tongoni, yale magofu ya kale kusini mwa Tanga, nao walichoma matumbawe kupata chokaa, na hewa ukaa ileile ikatoka. Chokaa ile ilipokuwa ikikauka ukutani iliinyonya tena sehemu ya hewa hiyo polepole. Zege nalo hufanya hivyo, kwa kiasi kidogo na kwa miaka mingi.)

"Jedwali la taifa la gesijoto linaonyesha viwanda vina kidogo tu."

Inategemea unasoma safu ipi. Kanuni za kimataifa za kuhesabu gesijoto hukigawa kiwanda kimoja vipande vipande. Hewa ukaa iliyotoka kwenye mawe huandikwa chini ya michakato ya viwandani. Mkaa wa mawe uliochomwa katika tanuri hilohilo huandikwa chini ya nishati. Dizeli ya malori yanayoleta mkaa huo kutoka Ruvuma, zaidi ya kilomita 1,000, huandikwa chini ya usafirishaji. Anayesoma safu moja akadhani amekiona kiwanda kizima atapata jibu dogo, na atalitetea kwa ujasiri.

Mkonge ni mfano mzuri zaidi, na kwa mtu wa Tanga ni aibu kuusahau. Watu husema mkonge ni mmea, hivyo hauna neno. Lakini katika uzito wa jani, singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu. Kilichobaki hutoka kwenye korona, mashine ya kukamua singa, kikiwa majimaji na makapi. Yakilundikwa au kutuama mahali pasipo na hewa, huoza na kutoa methani, gesi yenye nguvu ya kupasha joto mara 28 hivi ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Hilo huingia safu ya taka. Pale Hale, mwishoni mwa miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Kwa maoni yangu wazo lile lilistahili kuigwa katika mashamba mengi zaidi kuliko lilivyoigwa.

"Miaka ya 1990 tulikuwa safi, sasa tumeharibu."

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu huja na grafu ya gesijoto inayopanda tangu mwaka 1990. Grafu ni ya kweli, tafsiri yake ndiyo mbovu. Kiwanda cha saruji cha Tanga kilianza mwaka 1980, wakati nchi imetoka kwenye vita vya Kagera na haina fedha za kigeni. Miaka iliyofuata saruji ilipatikana kwa kibali, vipuri vilikuwa shida, na viwanda vingi nchini vilifanya kazi chini sana ya uwezo wake. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza miaka ya mwanzo ya 1970, kilikuwa kimefungwa ilipofika miaka ya mwanzo ya 1990. Mkonge uliovuka tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960 ulishuka hadi kama tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Gesijoto za viwandani zikidorora namna hiyo, hakuna wa kupongezwa. Watu walikuwa wamepoteza kazi.

Sasa ongeza hili: mwaka 1990 ndio ambao mkataba wa tabianchi wa mwaka 1992 uliutumia kama kipimo kwa nchi tajiri, na wachambuzi wengi huanzia hapohapo hata kwa nchi kama yetu. Ukianza kupima siku mgonjwa amelazwa, uzito wowote atakaoongeza baadaye utaonekana wa kutisha kwa asilimia. Wakati huohuo, Mtanzania wa kawaida bado yuko chini ya tani 0.5 ya hewa ukaa ya mafuta, mkaa wa mawe, gesi na saruji kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia unazidi tani 4. Na sehemu kubwa ya gesijoto zetu haitoki viwandani: inatoka kwenye misitu inayokatwa, ardhi inayobadilishwa matumizi, na mifugo.

Mkunjo mwingine wa grafu huletwa na klinka ya kununua. Nchi ikiagiza klinka kutoka nje na kuisaga tu, hewa ukaa ya mawe huhesabiwa ilikochomwa. Siku ikijenga tanuri lake, mstari hupanda ghafla, ingawa nyumba zinazojengwa Ngamiani na Chumbageni, hapa Tanga mjini, hazijaongezeka hata moja.

"Tumeahidi kupunguza asilimia 30, basi mstari utashuka."

Ahadi ya Tanzania iliyowasilishwa mwaka 2021 ni kupunguza kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo mwaka 2030, lakini si kutoka kiwango cha leo. Ni kutoka pale ambapo tungefika kama tusingefanya lolote. Mstari unaweza kuendelea kupanda na ahadi ikatimia.

"Bomba la mafuta litaipa Tanga mzigo wa mafuta yote ya Uganda."

Bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na mafuta yake yana nta nyingi na huganda yakipoa, hivyo lazima yapashwe joto njiani ndipo yatiririke. Nishati ya kuyapasha na kuyasukuma upande wa Tanzania itaingia kwenye hesabu yetu. Mafuta yenyewe huhesabiwa yatakakochomwa. Ama mafuta yanayochomwa na injini ya meli inayopakia hapo kwenda ng'ambo, hayo huandikwa pembeni, wala hayaingii kwenye jumla ya nchi yoyote.