Windows 8 na kona zake zilizofichwa

Mteja wangu mmoja, mama mwenye duka la vifaa vya shule ambaye ametumia Windows tangu ile ya 98, nilimsogezea laptopu aione. Akatazama picha iliyojaa skrini nzima na saa kubwa chini kushoto, kisha akanitazama mimi. "Fundi, imeganda?"

Haikuwa imeganda. Ile ndiyo skrini ya kufungia, na ilikuwa inamsubiri aisukume juu kama pazia au abonyeze kitufe chochote cha kibodi. Sasa angejuaje? Pale hapana mshale wala neno la kumwelekeza.

Nimeanza na mama huyu kwa sababu swali lake limegusa karibu kila kitu kinachonisumbua tangu niweke toleo la majaribio la Windows 8, lile ambalo Microsoft walilitoa tarehe 29 Februari 2012 kule Barcelona. Nimelitengea sehemu yake ya diski, kando ya Windows 7, kwenye laptopu ya kawaida kabisa: RAM gigabaiti 2, mausi ya waya, skrini isiyogusika. Yaani mashine kama zile mnazoniletea.

Ukiwasha, anakupokea samaki. Ni samaki aina ya betta, nadhani mzaha wa watengenezaji juu ya neno beta, yaani toleo la majaribio. Ukishaingia unakutana na Start, ambayo sasa imekuwa ukurasa mzima wa vigae vya rangi, vingine vikijibadilisha vyenyewe kukuonyesha barua pepe au hali ya hewa. Sura hii wakati huo waliiita Metro, na asili yake ni simu za Windows Phone. Mimi imenipendeza. Vile vioo vya kung'aa vya Windows 7 humo havimo, na maandishi ni makubwa, yana nafasi. Inavutia hata kidole: mtoto wa yule mama aligonga kigae mara tatu, akaona hakuna kitu, akageuka kuangalia mambo mengine.

Bonyeza kigae cha Desktop, unarudi kwenye mazingira uliyoyazoea, na Recycle Bin yake na folda zake. Ila kona ya chini kushoto ni tupu. Kitufe cha Start, ambacho tumekuwa nacho tangu Windows 95, kimeng'olewa.

Kazi zake zimehamia kwenye kona za skrini. Chini kushoto inakurudisha kwenye vigae, juu kushoto inakupa programu ulizofungua, na kona zote mbili za kulia zinaleta kitu kiitwacho Charms: alama tano za kutafuta, kushirikisha, Start, vifaa na mipangilio. Kuzitumia kona si kosa hata kidogo. Kwa mausi, kona ndiyo shabaha rahisi kuliko zote, kwa sababu unasukuma tu bila kulenga na kishale kinagota palepale. Wasanifu wanalijua hilo tangu zamani. Tatizo ni kwamba wamezificha. Kwenye tableti, kidole kinateleza kutoka ukingoni na kitu kinaingia kikikifuata. Baada ya mara mbili mkono umeshazoea. Mausi haina ukingo wa kuushika. Unapeleka kishale konani, unasubiri alama zijitokeze kwa uhafifu, kisha unapanda nazo wima ukiwa umebana ukutani. Ukienda kombo, zimetoweka. Na ukichomeka skrini ya pili, ile kona iliyopakana nayo haigotishi tena. Kishale kinavuka mpaka na kwenda zake.

Programu za Metro nazo hazina alama ya X. Unashika juu kabisa ya skrini na kuiburuta programu hadi chini, au unabonyeza Alt+F4. Wenyewe wanasema huna haja ya kufunga, na kiufundi wana hoja: programu ukiiacha, baada ya sekunde chache inasimamishwa na haili tena prosesa. Lakini mtu aliyezoea kufunga mlango anapotoka hutamridhisha kwa hoja hiyo.

Ajabu ni kwamba chini ya sakafu hii wamefanya kazi ya maana sana. Inawaka haraka kwa sababu ukizima, mfumo unafunga programu zako lakini kiini chake kinaandikwa diskini kama kilivyo. Ukiwasha, kinasomwa badala ya kuanzishwa upya. (Mafundi wenzangu mnaoweka mfumo mwingine, Linux, pembeni: ile sehemu ya Windows ihesabuni kuwa imelala, msiandike kitu humo. Restart ndiyo inayozima kikweli.) Kunakili mafaili sasa kuko kwenye dirisha moja na unaweza kusimamisha kwa muda. Task Manager, dirisha la kuona na kufunga programu zinazofanya kazi, imeandikwa upya, na programu zinazojianzisha zenyewe unazizuia humohumo. Faili la ISO, yaani nakala ya CD au DVD nzima, linafunguka bila programu ya kuongeza, na kinga ya virusi inakuja na mfumo.

Kilichonifurahisha zaidi ni kidogo na kimejificha. Kwenye orodha ya mitandao, bofya kulia mtandao wako na uuambie mfumo kwamba huu unalipiwa kwa kipimo. Modem ya simu inahesabiwa hivyo tangu mwanzo. Wi-Fi unaiweka mwenyewe. Baada ya hapo masasisho mengi yanasubiri, na bando lako halinywewi ukiwa umeenda kula. Miaka yote hiyo nimekuwa nikizima masasisho ya wateja kwa mkono, na nikijilaumu kwa kufanya hivyo.

Wenye zile laptopu ndogo zenye skrini ya 1024 kwa 600, msihangaike kwanza. Programu za Metro zinataka 1024 kwa 768, na kuweka mbili pembeni kwa pembeni kunataka 1366 kwa 768.

Mwenye skrini ya kutosha na anayetaka kujaribu asiiweke juu ya mfumo anaofanyia kazi. Hili ni toleo la majaribio la 2012. Asahau kona, ashike kibodi. Kitufe cha Windows kisha anza tu kuandika jina la programu, itakuja. Windows+D inakurudisha Desktop. Windows+X inaleta orodha ya zana ambazo fundi anazihitaji. Na kabla hujaiwasha mara ya kwanza, andika mahali namna ya kuizima: Windows+I, Power, Shut down.