Kongo Central: jimbo la pwani tunalolisimulia kimakosa

Muulize mtu wa Dar es Salaam au Mombasa kama Kongo ina bahari, na mara nyingi utajibiwa kwamba haina. Si ajabu. Huku tunaijua Kongo ya Goma, Bukavu, Uvira na Lubumbashi, na mizigo yake tunaiona kwenye malori yanayokwenda Tunduma na Kasumbalesa. Lakini upande wa magharibi kabisa lipo Kongo Central, jimbo lililoitwa Bas-Congo hadi 2015, na ndilo pekee nchini humo lenye pwani: takriban kilomita 40 za Bahari ya Atlantiki, huko Moanda na Banana. Kwa nchi ya zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, huo ni upenyo tu. Kusini ni Angola, na kaskazini ni Kabinda, ambayo nayo iko chini ya Angola. Wembamba huo ni kazi ya madola ya Ulaya, yaliyogawana mdomo wa Mto Kongo wakati wa Mkutano wa Berlin wa 1884–1885: Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, akapata njia ya kufikia maji ya chumvi, Wareno wakabaki na ardhi pande zote mbili. Yafuatayo ni madai matatu yanayosemwa kimakosa kuhusu jimbo hili.

“Meli hupanda Mto Kongo hadi Kinshasa, hata Kisangani”

Ramani ndiyo inayodanganya hapa. Mto unaonekana mpana na mrefu, kwa hiyo mtu anadhani unapitika wote. Meli za baharini huishia Matadi, yapata kilomita 150 kutoka baharini. Kutoka hapo hadi Kinshasa kuna mwendo wa kilomita 350 hivi ambamo mto unaporomoka kwa takriban mita 270, kwenye maporomoko zaidi ya 30. Vyombo vya mtoni huanza safari Kinshasa kwenda juu. Katikati hakuna usafiri wa majini.

Mimi naona kipande hiki cha mto ndicho kilichoamua historia ya nchi nzima kuliko pengine popote. Kwa sababu yake ilijengwa reli ya Matadi, kati ya 1890 na 1898. Vibarua waliletwa kutoka Afrika Magharibi, Barbados, hata China. Hesabu rasmi ilitaja vifo vya Waafrika 1,800 na Wazungu 132, na wanahistoria wanaamini waliokufa ni wengi zaidi. Mwaka 1927 Ubelgiji ilihitaji nafasi zaidi kwa ajili ya reli hiyohiyo karibu na Matadi. Ureno, iliyokuwa ikitawala Angola, ikatoa kilomita za mraba 3 tu, na yenyewe ikapewa eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,000 huko Dilolo, Katanga. Wenyeji wa Dilolo wakajikuta ndani ya Angola.

“Historia ya huko inaanza na Stanley”

Diogo Cão, baharia Mreno, alifika mdomo wa mto mwaka 1482 akaukuta Ufalme wa Kongo ukiwa na mfalme, majimbo na kodi zake. Maandishi ya Wareno wa msafara wake bado yamechongwa kwenye mwamba wa Yelala, juu kidogo ya Matadi. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa 1491. Mwanawe, Afonso I, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata raia wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Zilipita karne tatu na nusu kabla ya mvumbuzi Henry Morton Stanley kutokea. Wengi pia huweka makao makuu ya ufalme huo ndani ya Kongo Central. Makao hayo, Mbanza Kongo, yako kaskazini mwa Angola. Upande wa jimbo hili yalikuwa maeneo kama Nsundi na Mpangu.

Na Stanley hakufika peke yake. Msafara uliotoka Zanzibar 1874 ulifika karibu na Boma mwanzoni mwa Agosti 1877 ukiwa taabani kwa njaa. Stanley akaandika barua ya kuomba chakula, na waliojitolea kuipeleka ni watu wa msafara huo, wakiwemo Uledi, mshika usukani wa mashua ya Lady Alice, na Kacheche. Walitembea hadi Boma kwa wafanyabiashara wa Kizungu, na msaada ukaja: mchele, viazi vitamu, samaki. Tarehe 9 Agosti msafara ukaingia Boma. Bila watu hao, barua ingebaki karatasi tu. Mwaka 1879 Wazanzibari wengine walikwenda kujenga kituo cha Vivi, ng'ambo ya Matadi ya leo. Baadaye, mwaka 1886, Boma ikawa makao makuu ya koloni, na ilibaki hivyo hadi miaka ya 1920. Kwa hiyo anayesema Waswahili hawana historia huko hajui habari hizi. Ila asitokee mtu kudhani kwamba Kiswahili ndicho lugha ya Matadi: huko ni Kikongo na Lingala.

“Umeme wa Inga ni neema ya jimbo”

Mabwawa ya Inga I (1972) na Inga II (1982) yako Kongo Central. Ila laini kubwa ya zaidi ya kilomita 1,700 ilivutwa hadi Kolwezi, Katanga, kwa ajili ya migodi ya shaba, na vijiji vingi vya jimboni havijaunganishwa.

Katanga hiyohiyo ndiko alikopelekwa mwana mmoja wa jimbo hili. Simon Kimbangu wa Nkamba alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, Wabelgiji wakamhukumu kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa miaka 30 na kufia huko Oktoba 1951. Mwaka 1960 wafuasi wake waliurudisha mwili wake Nkamba.