Mlenda, uwele na presha: tunayoambiana na yaliyo kweli

Soko la Majengo, Dodoma. Kijana kapita mbele ya mama anayepima mlenda mkavu kwa kikopo, kakunja pua: "Hayo majani ya wazee, mama." Naye bila kuinua macho: "Haya mwanangu, nenda kwenye chipsi zako. Presha ikipanda usinitafute."

Mama hakukosea sana.

Dhana: Tumbo ni tumbo, moyo ni moyo.
Nyuzinyuzi za uwele, kunde na mlenda hazimeng'enywi na vimeng'enya vyetu. Zinafika utumbo mpana zikiwa bado nzima, na huko bakteria huzichachusha, kama togwa inavyochachuka kwenye mtungi. Wanachotoa ni asidi tatu hasa: aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Ukuta ukiwa imara, sumu za bakteria hazivuji ovyo kwenye damu na kuchochea mwako, yaani uvimbe wa ndani kwa ndani, unaochakaza mishipa. Sehemu ya asidi hizo huingia kwenye damu yenyewe. Kwa panya wa maabara, propioneti imeshusha presha na kupunguza madhara kwenye moyo. Kwa binadamu ushahidi wa asidi zenyewe bado mchanga, lakini kwamba walaji wa nyuzinyuzi nyingi hupata maradhi ya moyo kwa uchache, hilo limeonekana mara nyingi.

Sisi tunakoboa mahindi, tunakula sembe nyeupe, pumba wanapewa kuku. Kuku wetu wanakula vizuri kweli.

Dhana: Bakteria ni wadudu wa magonjwa, tumbo lisafishwe kila mwezi.
Wengi wao hawana ubaya. Antibayotiki za kununua bila cheti huwafagia wabaya na wema pamoja.

Dhana: Kila wanachotoa bakteria ni dawa.
Hapa wapenzi wa nyama choma, nami nikiwemo, tusikilize. Nyama nyekundu ina kirutubisho kiitwacho kanitini. Bakteria huivunja, ini likamalizia, ikawa kemikali iitwayo TMAO. Wenye TMAO nyingi kwenye damu wameonekana kupata zaidi mashambulizi ya moyo na kiharusi, ingawa wanasayansi bado wanabishana kama yenyewe ndiyo chanzo.

Dhana: Dawa yake ni vidonge vya bakteria vya dukani.
Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hula mizizi ya porini, ubuyu, asali na nyama ya kuwinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta matumboni mwao bakteria wa aina nyingi kuliko wa Waitaliano waliolinganishwa nao. Hawakununua kopo lolote.

Dhana: Nikila mlenda, naacha dawa za presha.
Usiache. Kidonge endelea nacho, mlenda nao uwepo mezani. Na kama hukuzoea kunde, ongeza kidogo kidogo na maji ya kutosha, maana wiki ya kwanza tumbo litanguruma mpaka jirani asikie.